Usiiandike

Mashine isiyofungwa mkanda haizunguki. Hilo kila fundi analijua, na Kipimo alikuwa akikereza vyuma tangu hajaota ndevu. Kwa hiyo aliposikia kichwa cha mashine kikizunguka nyuma ya mgongo wake, mchana kweupe, umeme umekatika mtaa mzima na mkanda unaning'inia kwenye msumari mbele ya macho yake, hakuogopa. Alikasirika. Aligeuka na spana mkononi ili amkaripie huyo aliyeingia bila hodi akaanza kuchezea vitu vya watu.

Hapakuwa na mtu. Kile kichwa chenye taya tatu za kubania chuma kilimalizia mzunguko wake taratibu, kikasimama. Kabla ya kusimama, beringi yake kavu ilitoa mlio, na mlio wenyewe ulikuwa wa silabi mbili.

"Na-ni."

"Ni mimi, kuna mwingine?" Kipimo alijibu, akacheka peke yake, akaendelea kukwangua rangi.

Tumjue kwanza huyu bwana kabla hajaharibikiwa. Jina la Kipimo hakupewa na mama yake. Lilimganda kwa sababu ya kile kipimo cha chuma kilichokaa daima kwenye mfuko wa shati lake, ambacho alipimia kila kilichopita mbele yake, hata vipande vya mkate mezani, akimwonyesha mkewe kwamba kimoja kimekizidi kingine unene. Wateja walimwita Kipimo, majirani walimwita Kipimo, mkewe mwenyewe alimwita Kipimo. Jina la mama yake lilibaki kwenye kitambulisho. Majuzi tu, zahanati, muuguzi aliliita jina hilo mpaka sauti ikamkauka, na yeye amekaa kwenye benchi anapima vigae vya sakafu kwa macho, hadi mkewe alipompiga kiwiko. "Wewe! Unaitwa!" Benchi zima lilicheka, naye akacheka nao.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba cha mbele, mumewe alikereza chumba cha nyuma, na kati yao ulikuwapo ukuta mmoja. Watoto walishakua wakaenda zao. Kipimo akitaka chai aligonga ukuta mara mbili kwa spana, na mkewe alijibu mara mbili kwa mpini wa mkasi, maana yake nimesikia, usinisumbue, inakuja. Waliishi hivyo miaka na miaka, na kama kuna namna nyingine ya mapenzi, wao hawakuihitaji.

Hiyo mashine ya kukereza aliipata kwa mjane wa fundi mmoja wa upande wa pili wa mji. Ilikuwa imekaa kwenye banda chini ya magunia, imepakwa rangi juu ya rangi kama kuta za nyumba ya kupanga, lakini Kipimo alipopitisha kiganja kwenye kitanda chake, yaani kile chuma kirefu cha chini kinachobeba kila kitu, moyo ulimruka. Chuma cha siku hizi hakiko hivyo. Kilikuwa kizito, laini, kimelala sawasawa baada ya umri wote huo.

"Ya kampuni gani, mama?" aliuliza.

"Sijui, baba. Haina jina." Yule mjane alikuwa amesimama nje ya mlango wa banda na hakuingia hata hatua. "Ichukue tu. Ila nakuomba kitu kimoja. Usiiandike."

Kipimo alielewa alivyoelewa. Mtu akipewa ajira husemwa kaandikwa kazi, kwa hiyo alidhani anaambiwa asiifanyishe kazi mashine ya marehemu, na akaona ni uchungu wa mjane unaosema. "Sasa mama, mashine nisiyoiandika kazi niifanyie nini? Niifuge?"

Mjane hakucheka. "Marehemu naye alikuwa mcheshi," alisema. "Hapo mwanzo."

Kuiingiza karakana ilibidi ukuta wa nyuma ubomolewe. Ilipokwisha kukaa chini, Kipimo aliujenga tena, na kwa sababu ya wezi akaacha mlango mwembamba wa chuma. Mashine ilijaza chumba. Ili afike kwenye meza yake ya kazi sasa alilazimika kupita kiubavu, tumbo limeigusa mashine na mgongo umeugusa ukuta. Mkewe alichungulia akasema, "Hii siku ikitaka kutoka itatoka na nyumba." Kipimo alimjibu kwamba haiendi popote.

Akaanza kazi ya kuijua. Alikwangua rangi ya kijani, chini yake ikawa ya kijivu, chini ya kijivu ikawa nyeusi. Alihesabu meno ya gia, akapima nyuzi za shafti zikagoma kuwa za milimita, akajua kumbe ni ya zamani kuliko alivyofikiri. Mwishoni mwa kitanda, chini ya grisi iliyogeuka ngozi, alikuta namba imegongwa kwa mkono, fupi mno, namba ya mashine za mwanzo mwanzo kabisa. Lakini mahali ambapo kiwanda huweka jina lake, pale usoni mwa kichwa, herufi zilikuwa zimechongwa kwa patasi mpaka zikalala. Na kuzunguka hapo palikuwa na matundu ya ribiti, zile pini za kupigilia vibao. Mawili mawili, mengi, hayafanani nafasi. Mengine yalizibwa kwa risasi ya kuyeyusha, mengine kwa rangi, mawili yalikuwa wazi na safi. Kila fundi aliyeimiliki alikuwa amepigilia kibao chake, kisha kibao kikang'olewa.

"Wezi wa shaba hao," Kipimo alijisemea.

"Na-ni," ilisema beringi.

Aliitia mafuta. Ikanyamaza siku hiyo, kesho yake ikaanza tena. Ilikuwa ikiuliza jua likiwa katikati ya utosi, mtaa umelala, hata kuku wamejibanza kivulini. Na ikiuliza, chumba kilijaa harufu ya mafuta ya nywele, yale mazito ya kiume ya zamani ambayo wababu walipaka wakienda kupiga picha. Kipimo hakuwa na nywele za kupaka chochote.

"Nani yuko huko na wewe?" mkewe alimuuliza siku moja, akileta chai.

"Niko peke yangu."

"Nimesikia mtu." Aliteremsha sauti, akaitazama mashine badala ya mumewe. "Anauliza nani. Anauliza kama mtu aliye nje ya mlango, mvua inanyesha."

"Beringi hiyo, mke wangu. Chuma kikavu husema lolote unalotaka kusikia."

"Mimi sitaki kusikia hilo," mkewe alisema, na tangu siku hiyo chai akawa anaiweka kizingitini.

Mashine ilipokamilika ilipendeza mpaka inaumiza. Kitanda kinang'aa, gia zinapokeana bila kelele, rangi mpya ya kijivu haina hata alama ya brashi. Ilikosa uso tu. Kila mteja aliyeingia aliuliza, "Ni ya wapi hii, Kipimo?" na yeye, mtu wa kupima kila kitu, anabaki kusema hajui. Ilimkera. Basi akafanya walichofanya mafundi wote waliomtangulia, na ambacho fundi yeyote angefanya akiwa amefufua chuma kwa mikono yake. Alikata kipande cha shaba ya njano, akakisugua, akagonga herufi kwa mihuri ya chuma, moja baada ya moja, K, I, P, I, M, O. Akatafuta mahali pa ribiti. Yale matundu mawili yaliyo wazi na safi yalikaa sawasawa na kibao chake, ingawa hakuwa ameyapima.

Alipopiga ribiti ya pili, mashine ilivuta pumzi.

Alijiambia ni hewa. Lakini kuanzia hapo haikuuliza tena nani, na huo ukimya ulimtisha kuliko swali. Ilikereza vizuri ajabu. Chuma kilitoka kimenyooka hata pale mkono wake ulipokosea. Baada ya siku chache beringi ikapata neno jipya, nalo lilikuwa la silabi tatu, na mkewe alipolisikia aliacha kushona.

"Inakuita," alinong'ona kupitia ukutani.

Siku mkono wake uliponaswa, umeme ulikuwa umekatika tena. Kipimo alikuwa ameingiza mkono wa kulia kati ya taya ili asafishe ndani ya shafti kwa kitambaa. Taya hizo hazifungi mpaka ukaze kwa ufunguo wake, na ufunguo ulikuwa mezani. Zikafunga. Hazikumuuma. Zilimshika kifundo cha mkono kwa upole, kama muuguzi anayetafuta mapigo. Akavuta, zikabana kidogo. Akatulia, zikatulia. Mgongo wake ulikuwa ukutani, tumbo limekandamizwa kwenye chuma, harufu ya mafuta ya nywele imemjaa puani hadi machozi yakamtoka, na alipofungua mdomo amwite mkewe haikutoka sauti yoyote, kwa sababu sauti yake ilikuwa tayari inatumika, aliisikia ikitoka upande wa pili wa kichwa cha mashine, sauti yake hasa, na mkwaruzo wake wa asubuhi na kicheko chake cha chini, ikisema, "Mke wangu, chai jamani," na kisha, ilhali mkono wake mmoja umeshikwa na mwingine umefumbata hewa, na spana iko mezani mahali alipoiweka, ukuta ukagongwa mara mbili.

Halafu mpini wa mkasi ukajibu, mara mbili. Nimesikia, inakuja.

Hapo ndipo Kipimo alipoogopa. Hakuuogopea mkono. Aliogopa kwamba mkewe hakuona tofauti.

Mkewe alipofika na kikombe, taya zilikuwa wazi na mumewe ameketi sakafuni, kifundo chake kina alama tatu nyekundu. Alimshika chini ya kwapa, akampitisha kiubavu kwenye ule uwazi kana kwamba anamtoa kwenye tundu la sindano, wakakaa chumba cha mbele wameshikana mikono kama watoto.

"Tuitupe," mkewe alisema.

"Itapita wapi?"

"Tuhame sisi."

"Ina jina langu," Kipimo alinong'ona. "Nikihama mimi, yenyewe itabaki na jina langu."

Wakamwita mganga, Mfungaji. Alikuwa bibi mmoja mkavu wa maneno, mwenye mkoba mweusi wa kwapani, na kabla ya kukaa aliomba chai isiyo na sukari. Aliizunguka mashine alipoweza kuzunguka, akainusa, akaguna.

"Mimi sifukuzi majini," alisema. "Ukimfukuza anahamia kwa jirani, kesho jirani ananiita, tutamaliza lini? Mimi nafunga. Alipo ndipo abaki, asiweze hata kukohoa. Lakini siwezi kufunga kisicho na jina. Anaitwaje?"

Beringi ndiyo iliyojibu, polepole na kwa heshima, kama mgeni anayejitambulisha. "Ki-pi-mo."

"Hapana!" Kipimo alisema. "Hilo langu mimi!"

"Lako la kitambulisho ni hilo?"

"Hapana, ila..."

"Basi si lako. Ulikuwa nalo, ukalitoa. Umelipigilia kwenye chuma kwa ribiti, nani kakutuma?" Alimwelekezea kidole. "Lako ni lile la mama yako. Nisikilize vizuri, baba. Nitafunga kwa hili jina la kibao. Nikimaliza nitakuita wewe kwa lile la kuzaliwa, utaitika mara moja, na utakuwa umetoka salama. Ukiitwa hilo, unaitika?"

Kipimo alimtazama mkewe. Mkewe alifungua mdomo, na wote wawili walikumbuka lile benchi la zahanati. Lakini taya za mashine zilikuwa zinapumua pale, zinafungua na kufunga kwa kiasi cha unywele, na Kipimo alitaka jambo moja tu duniani, liishe leo.

"Naitika," alisema.

Mfungaji alitoa uzi mweusi, akauzungusha kwenye taya. "Kipimo, kaa ulipo," akafunga fundo. Nyayo za Kipimo zikawa baridi. "Kipimo, usitoke," fundo la pili, na ubaridi ukapanda magotini, ukawa mzito, ukawa kitu kilicholala sawasawa na kisichokumbuka kutembea, na alitaka kusema simama, bibi, simama kwanza, lakini ulimi wake ulikuwa unateleza ndani ya mafuta, "Kipimo, usiseme," fundo la tatu, na chumba kikaanza kuzunguka taratibu, au yeye ndiye aliyekuwa anazunguka, mkewe akapita mbele yake, kisha ukuta, kisha dirisha, kisha mkewe tena, amejifunika mdomo kwa viganja viwili, na karibu naye mwanamume mwenye shati lenye kipimo mfukoni, amesimama ametulia, macho yamefumbwa, anasubiri.

Ndipo Mfungaji aliita jina la kuzaliwa.

Lilikuwa jina zuri. Kipimo alilisikia likipita hewani, akajua kuna mtu anaitwa, akajiuliza ni nani, kama alivyojiuliza siku zote, na kabla hajapata jibu mwanamume yule alifumbua macho.

"Naam!" alisema, upesi na kwa furaha.

Mkewe alimrukia shingoni akalia. Mfungaji alikusanya vitu vyake. "Ameitika vizuri," alisema. "Msiuguse uzi." Wakatoka, mmoja mmoja, kwa ule mlango mwembamba, na wa mwisho kutoka aligeuka, akaitazama mashine kwa macho ya mtu aliyetoka gerezani akimwangalia mwenzake anayeingia. Kisha akaufunga mlango kutoka nje.

Mle ndani hamkuwa na giza wala mwanga. Kulikuwa na uzito. Kipimo alitafuta mikono yake akakuta gia, akatafuta mdomo akakuta beringi, imelowa, haina mlio. Kisha polepole aliwahisi waliokuwamo kabla yake, si wenyewe, bali mahali walipochubua chuma wakitafuta njia, mmoja juu ya mwingine, kama zile rangi. Labda mwanzo kabisa alikuwapo jini kweli. Kama alikuwapo, alikwisha kuondoka zamani, na tangu hapo walikuwa wanapokezana watu.

Siku zilipita kwa sauti za upande wa pili. Cherehani. Vikombe. Kicheko chake mwenyewe. Mwanamume yule alikuja mara moja na tupa, akasaga kile kibao mpaka herufi zikaisha, akaking'oa, na alipoinama nywele zake zilikuwa zimeota, zimepakwa mafuta mazito. "Usinichukie," alinong'ona. "Nami niligonga sana. Mke wangu hakunisikia."

Mchana mmoja mkewe Kipimo alikuwa anashona, na huyo mwanamume ameketi pembeni yake anakunywa chai. Kwa mazoea tu, bila kuwaza, alipomaliza mshono alichukua mkasi akagonga ukuta mara mbili.

Kipimo alijikusanya pote alipokuwa, kwenye kila jino la gia, kwenye kila uzi wa shafti, akasukuma. Uzi mweusi ukakatika. Taya zikagonga. Mara mbili.

Mkewe akauweka mkasi chini.

"Kipimo?" mkewe aliita, kwa sauti ndogo, akiuelekea ukuta.

"Niko hapa, mke wangu," alisema mwanamume aliyekuwa pembeni yake. "Beringi hiyo. Imekauka." Akanyanyuka, akachukua chupa ya mafuta.

Ukuta ulibomolewa kabla ya wiki kwisha. Wakati wa kuibeba, mkewe alisimama nje, na mashine ilipopita aliweka kiganja juu ya kitanda chake, akakiacha hapo mpaka wabebaji walipomwomba apishe. Alimshika mkono yule mama aliyeinunua, fundi mwenye ovaroli na sauti kubwa, akamwambia maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa isipokuwa chuma. "Dada, nakuomba. Usiiandike."

"Nisiiandike?" yule mama alicheka. "Sasa nimeinunua ya nini, mpenzi, maonyesho?"

Sasa iko karakana nyingine, imeegeshwa karibu na dirisha. Yule mama ni fundi kweli, na ana watoto watatu wanaomletea maji na kumpigia kelele mlangoni. Anaipenda. Juzi alianza kukwangua rangi ya kijivu, akafika kwenye matundu ya ribiti, akayapapasa kwa kidole kimoja baada ya kingine, akainama karibu kabisa, akauliza kwa utani, "Haya bibie, wewe nani?"

Kipimo alijizuia. Aliwasikia wale watoto wakicheka nje, akajizuia siku ile, na iliyofuata, kwa nguvu zote za mtu aliyekuwa mwema. Lakini mafuta yanakauka. Leo mchana umeme umekatika, mtaa umelala, yule mama yuko peke yake amegeuza mgongo, na mkanda unaning'inia ukutani.

"Na-ni," alisema Kipimo.